Ua la Mama Lilikuwa Kwenye Orodha Ipi?

Marehemu mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha nyumba, vyombo, cherehani moja na chungu cha hoya kilichoning'inia barazani. Siku ya kugawa mirathi nilikabidhiwa kalamu mimi, kwa kuwa ndiye niliyezoea kuandika mihtasari ya kamati ya msikiti. Niliandika hadi idadi ya sufuria. Hoya sikuiandika. Niliichukua jioni ile nikaenda nayo kwangu, nikijiambia kwamba ua si mali.

Miezi miwili baadaye dada yangu mkubwa aliniuliza kwa simu, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali: "Mdogo wangu, ua la mama lilikuwa kwenye orodha ipi?"

Faraidhi niliisoma chuoni, na sikuwa na jibu. Kila alichokimiliki marehemu ni mirathi, kiwe shamba au sindano.

Nikaazimia kumtolea mbegu. Nilinyofoa majani mawili mazito, yanayong'aa kana kwamba yamepakwa nta, nikayachomeka katika kikopo cha udongo, nikampelekea. Moja lilioza. La pili lilitoa mizizi, likabaki bichi na zuri mwaka mzima, wala halikuongeza jani jingine. Ndugu msomaji, ndivyo hoya ilivyo: jani lililonyofolewa peke yake, bila kipande cha shina chenye kifundo, huweza kuishi muda mrefu, lakini halina mahali pa kuchipulia. Nilikuwa nimempa dada kitu kisichonipunguzia chochote.

Mara ya pili nilikata shina lenyewe. Nilichagua tawi lililokomaa, nikalikata chini kidogo ya kifundo kwa kisu kilichosafishwa kwa maji ya moto, nikaacha vifundo viwili na jozi ya majani juu. Ulitoka utomvu mweupe kama maziwa, niliusubiri ukauke. Kisha nikatumbukiza kifundo cha chini katika glasi ya maji, dirishani penye mwanga usio wa jua kali, nikibadilisha maji kila baada ya siku chache. Ilipotimia wiki ya nne mizizi ilikuwa imefika nusu ya kidole. Nikakihamishia kipandikizi katika chungu kidogo chenye makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, vipande vya mkaa na mchanga wa mtoni, kwani udongo mzito unaotuamisha maji huozesha mizizi yake. Vikonyo vilivyokwisha kuchanua sikuvigusa, kwa sababu hoya hurudia kutoa maua pale pale. Mama alinikemea utotoni nilipovikata nikidhani vimekufa.

Chipukizi lilipotokeza, nilifunga safari kwenda kwa dada. Nilichobeba mapajani ndani ya basi kilikuwa chungu cha mama. Kipandikizi nilikibakisha kwangu.

Dada hakusema mengi. Alikitundika barazani, akakitazama kitambo, akasema, "Umekichelewesha." Kisha akaingia ndani kuniandalia chai.

Mwezi uliopita alinipigia baada ya Isha: ua limechanua, na harufu imejaa baraza nzima. Langu lina majani sita na kikonyo kirefu kitambaacho, kisicho na jani hata moja. Nimewakataza watoto wasikikate, maana majani yake huja baadaye.