Ndugu Yetu wa Jangwani

Wengi wetu tumezaliwa katika nchi ya mito na misitu. Tukisikia neno jangwa, twadhani ni mchanga mtupu, mahali pasipopendwa na mtu. Lakini yuko mzee wetu mmoja katika imani aliyelipenda jangwa hata akazikwa humo. Ndiye Charles de Foucauld, ambaye Baba Mtakatifu Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 15 Mei 2022. Twendeni pamoja mpaka mahali alipokaa, tupate kumkumbuka kama wajukuu wamkumbukavyo babu yao.

Jangwa la Sahara laenea kilometa za mraba zipatazo milioni 9. Mchanga ni sehemu yake ndogo tu. Pengi ni mawe na changarawe. Kusini mwa Algeria yasimama milima ya Hoggar, miamba myeusi iliyozaliwa na moto wa volkano. Chini yake ni Tamanrasset, mita 1,400 hivi juu ya bahari. Ukizidi kupanda, wafika Assekrem, mita 2,700 hivi. Huko vilele vyainuka kama vidole, na usiku wa majira ya baridi maji huganda. Mwaka 1910 Padri Charles alijenga huko kibanda cha mawe, na mwaka 1911 akakaa humo miezi kadhaa. Hakupanda ili awakimbie watu: Watuareg walipita huko na mifugo yao wakitafuta malisho, naye alitaka kuwa karibu nao.

Hapo kwanza alikuwa msafiri wa namna nyingine. Alizaliwa Strasbourg mwaka 1858. Wazazi wake wote wawili walifariki mwaka 1864, akalelewa na babu yake. Akawa ofisa wa jeshi, kisha akaliacha. Mwaka 1883 aliingia Moroko, ambako Mkristu hakuweza kusafiri kwa usalama. Akavaa mavazi ya rabi wa Kiyahudi, akiongozwa na rabi wa kweli, Mardochée Aby Serour. Kidaftari chake kilifichika katika kiganja cha mkono, na kalamu yake ya risasi ilikuwa fupi kama ncha ya kidole. Alipima milima, akaandika njia na mito, na mwaka 1885 Chama cha Jiografia cha Paris kikampa nishani ya dhahabu. Aliijua nchi, lakini wengi wa wenyeji wake hawakujua hata jina lake.

Sala za Waislamu zilimgusa moyo, akaanza kumtafuta Mungu aliyekuwa amemsahau. Mwaka 1886 alirudi katika imani, na mwaka 1901 akapewa upadri. Huko Béni Abbès aliwakomboa watumwa wachache kwa fedha. Mwaka 1905 akafika Tamanrasset, kijiji cha vibanda vichache. Hatusemi kwamba hakuwa mtu wa wakati wake: alikuwa rafiki wa maofisa wa Ufaransa, akautumaini utawala wao. Lakini alikaa chini kama mwanafunzi, akajifunza lugha ya Watuareg, akakusanya mashairi yao. Kamusi yake kubwa ilipigwa chapa baada ya kifo chake, miaka ya 1951 na 1952, katika vitabu vinne.

Sasa sikilizeni jambo lililo kubwa kuliko nishani. Mwezi wa Januari 1908 mvua ilikuwa imekosa siku nyingi, na mbuzi walikauka maziwa. Padri alikuwa amewagawia wenye njaa akiba yake. Akaanguka kitandani, karibu kufa. Watuareg wakaenda huku na huku kutafuta kila mbuzi aliyebaki na maziwa kidogo, wakamletea. Yeye aliyekuja kutoa, alipokea. Tangu hapo hakuwa mgeni tena, maana mgeni hulishwa kwa adabu, bali ndugu hulishwa hata katika njaa.

Mwaka 1913 alimchukua kijana Mtuareg, jina lake Ouksem, akampeleka Ufaransa kwa jamaa zake, ili jamaa hizi mbili zionane uso kwa uso.

Tarehe 1 Desemba 1916, wakati wa vita, watu wenye silaha walimkamata mlangoni pake, akapigwa risasi akafa. Hakuacha hata mfuasi mmoja wa kukaa naye. Lakini Moussa ag Amastan, mkuu wa Watuareg wa Hoggar na Mwislamu, alimwandikia dada yake Charles kule Ufaransa barua ya rambirambi, kama mfiwa amwandikiavyo mfiwa mwenzake. Baadaye walitokea wafuasi: Ndugu Wadogo wa Yesu mwaka 1933, na Dada Wadogo wa Yesu mwaka 1939.

Enyi vijana mnaotamani kusafiri, tamaa hiyo ni njema. Chukueni daftari, pimeni milima, hesabuni mito. Ila mkifika kwa watu, kaeni nao. Na siku mtakapopungukiwa, msione haya kupokea maziwa yao.