Nilicheka wapiga mbizi wa Likoni

Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwa feri ya MV Harambee pale Likoni, mama na bintiye wa miaka 4 wakiwa ndani. Mimi nilikuwa Gatina, kidato cha pili, na simu ya mathe mkononi. Siku zikaenda, gari halijatoka. Nikaandika komenti: "Si mvae mitungi muingie, shida iko wapi?" Nilipata laiki kibao. Gari lilitolewa Oktoba 11.

Wasee, hiyo komenti nimeifuta juzi tu.

Nilikuwa Diani kwa binamu yangu, anayejaza mitungi ya wapiga mbizi. Nilidhani ndani ni oksijeni. Kumbe ni hewa tu, hii yetu, imeshindiliwa. Na ukipita mita 30 hivi, nitrojeni inaanza kukulewesha kama chang'aa. Wa kwenda chini zaidi huchanganyiwa na heliamu. Lile gari lilikuwa karibu mita 58.

Halafu kuna mtungi wenyewe: chuma ama alumini? Mtu wa Gatina atasema chuma bila kufikiria. Alumini kwetu ni sufuria inayobonyea. Binamu akacheka. Alumini ni laini, kwa hivyo mtungi wake hutengenezwa mnene, na bei yake iko chini. Shida ni kwamba hewa ina uzito, kama kilo 2.5 kwa mtungi mmoja. Ukiimaliza, alumini inataka kuelea, na wewe unataka kutulia chini ya maji ukipanda polepole. So unajifunga vipande vya risasi. (Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini Archimedes amenifuata hadi Pwani.)

Chuma huzama hata kikiwa kitupu. Kwa maji baridi hiyo ni poa, kwa sababu nguo nene huelea sana. Lakini maji ya Pwani yana joto, nguo ni nyembamba. Beba mitungi miwili ya chuma iliyojaa, kisha ule mfuko wa hewa wa kukuinua upasuke ukiwa chini kabisa. Risasi unaweza kuitupa. Mtungi utautupaje na ndio unaokupa pumzi?

Akanivalisha hiyo miwili, pale pale dukani, nchi kavu. Nikashindwa kuinuka kwa benchi.

"Sasa weka giza," akasema, "na mkondo wa Likoni unakuvuta."

Sikuwa na komenti.