Umbali wa Shabaha

Neno shabaha katika Kiswahili limebeba maana mbili. Ni alama ambayo jicho huielekea kabla ya mkono kutenda, na pia ni mfanano wa kitu na kitu kingine. Huenda watumiaji wa lugha hawazikumbuki maana zote mbili kwa wakati mmoja, lakini maana hizo hazikukutana bure. Mwenye kujifunza kulenga huanza kwa kulenga mfano. Hupiga karatasi iliyochorwa mnyama, au sahani ya chuma iliyotundikwa mbele ya tuta la udongo, akitumaini kwamba siku ya kweli itafanana na siku ya mazoezi.

Katika jimbo la Colorado, Marekani, chini ya Milima ya Rocky, tumaini hilo hupimwa kila mwaka. Tangu Julai watu huanza kuingia katika viwanja vya shabaha wakiwa na bunduki zao, kwani msimu wa kuwinda kwa bunduki hufunguliwa Oktoba, wakati majani ya miti milimani yamekwisha geuka rangi ya dhahabu na kuanza kupukutika. Wengi hujitayarisha kwa ajili ya wapiti, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake laweza kupita kilo 300, na ambaye pembe zake kubwa huanguka na kuota upya kila mwaka. Jina lake limetoka katika lugha ya Washawnee, wenyeji wa asili wa Marekani, nalo lina maana ya mwenye matako meupe.

Miongoni mwao yumo seremala mmoja, mtu wa miaka sitini na mitatu, mwenye goti linalolalamika kila anapopanda ngazi. Huja uwanjani alfajiri, kabla jua halijapasha moto hewa na kuifanya itetemeke mbele ya darubini. Hupiga risasi moja tu, mtutu ukiwa baridi, kisha huandika katika daftari umbali, upepo na mahali tundu lilipokaa. Baada ya hapo ndipo huendelea na nyinginezo. Kwake yeye risasi ya kwanza ndiyo yenye hukumu, kwani milimani hakuna mnyama atakayemsubiri apashe mtutu moto.

Daftari hilo lina asili yake. Misimu mitatu nyuma, seremala alimpiga dume kwa umbali wa karibu mita 400. Aliisikia risasi ikifika, akamwona mnyama akishtuka na kujikunja, kisha akimezwa na msitu. Yeye na mwanawe waliifuata damu hadi usiku, wakaifuata tena kesho yake, mpaka theluji ikaanguka na kufunika kila alama. Sheria ya Colorado humtaka mwindaji afanye kila juhudi ya busara kumtafuta mnyama aliyemjeruhi. Juhudi hiyo waliifanya. Sheria iliridhika, lakini mwenyewe hakuridhika. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja kukaa nyumbani kwa seremala, akala naye na kulala naye.

Kosa lilitoka wapi? Hilo ndilo swali lililompeleka uwanjani, na jibu lake linaanza na hesabu. Risasi ya kipimo cha .308, ambacho wawindaji wengi wamekizoea, hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde. Haiendi mstari ulionyooka. Tangu inapotoka, ardhi huivuta kama inavyolivuta embe lililokatika kikonyo. Bunduki iliyorekebishwa ipige katikati kwa mita 100, ikielekezwa vivyo hivyo kwa mita 500, risasi yake itashuka karibu mita 2 chini ya alama. Safari hiyo huchukua kama robo tatu ya sekunde. Ni muda mdogo, lakini unamtosha wapiti kuinua mguu na kusogea hatua moja, na hatua moja ndiyo tofauti ya moyo na tumbo.

Kisha kuna upepo. Upepo wa wastani, wa kilomita 16 kwa saa, ukivuma kutoka ubavuni huisukuma risasi hiyo karibu nusu mita kando katika umbali huo huo. Kushuka kwa risasi hukaa katika jedwali, nalo jedwali halibadiliki. Upepo hauna jedwali. Unapovuma shavuni mwa mpigaji, huenda katikati ya bonde umegeuka, na pale alipo mnyama umetulia kabisa. Nahodha yeyote wa pwani analifahamu jambo hili, kwani haamini tanga lake peke yake, bali hutazama rangi ya maji mbele na jinsi viwimbi vinavyolala. Vivyo hivyo seremala alijizoeza kutazama nyasi zinavyoinama, vumbi linavyoondoka, na mtetemo wa hewa unavyoelekea.

Mlima nao una kanuni zake. Mnyama aliye mita 400 juu au chini ya mteremko wa nyuzi 30 hupigwa kana kwamba yuko mita 346, kwa sababu uvuto wa ardhi huhesabu umbali wa ulalo, wala si urefu wa mteremko. Asiyejua hili hupiga juu, awe anaelekeza bunduki kileleni au bondeni. Na katika kimo cha mita 3,000 hewa ni nyepesi kwa kiasi cha robo kuliko ilivyo baharini, hivyo risasi hukutana na kizuizi kidogo na kushuka pungufu. Hewa hiyo hiyo inayoirahisishia risasi njia ndiyo inayomnyima mpigaji pumzi.

Hapo ndipo daftari lilipomfunulia mengi. Akiwa ameketi mezani, bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga, seremala hakukosa sahani ya mita 500 hata mara moja katika risasi kumi. Kwa mizani hiyo angeweza kujiita bingwa. Lakini milimani hakuna meza. Akaanza kupanda kilima kilicho karibu na uwanja akiwa na shanta mgongoni, na kushuka moyo ukimgonga mbavuni, kisha kuketi chini na kulenga akiegemeza viwiko magotini. Kwa mita 400 alipata sita katika kumi. Kwa mita 300 alipata nane. Kwa mita 250 alipata zote kumi, leo na kesho na wiki iliyofuata. Mshairi anayetunga chumbani, kalamu mkononi na usiku wote mbele yake, si yule anayejibu papo kwa papo barazani watu wakimkodolea macho, ijapokuwa jina ni moja na mizani ni zile zile.

Kijana mmoja aliyepiga kando yake aliyatazama mazoezi hayo kwa mshangao. Alikuwa na darubini yenye kipimo cha masafa ndani yake, na chombo kidogo kilichopima upepo, joto na kani ya hewa, kikampa hesabu iliyokamilika. Kwa nini mtu ajifunge mita 250, akauliza, ilhali vyombo vya leo vimeifanya mita 800 kuwa jambo la kawaida? Hoja yake haikuwa ya kudharauliwa. Vyombo vile husema kweli, na bunduki za leo zina usahihi ambao babu wa seremala asingeuamini. Mtu akipiga chuma, kila umbali ni halali. Akikosa, hakuna kilichoumia.

Lakini chombo hupima umbali, hakipimi haki. Theodore Roosevelt, ambaye aliteremka Mombasa mwezi Aprili 1909 kuja kuwinda Afrika ya Mashariki, alikuwa mmoja wa waasisi wa chama cha Boone and Crockett mwaka 1887, chama kilichotetea kwamba mnyama lazima aachiwe nafasi ya kweli ya kuokoka. Nafasi ya wapiti iko katika pua yake, masikio yake na macho yake. Mtu akijiweka mbali kiasi kwamba viungo hivyo havina kazi, anachokifanya ni kulenga tu, na kuwinda kumebaki jina. Seremala hakuyasema haya kwa kijana. Alimwonyesha daftari, ukurasa wa sita katika kumi, akamwambia kwamba zile nne zilizobaki si matundu yaliyokosekana. Ni wanyama wanne wanaotembea na risasi mwilini. Kijana aliusoma ukurasa ule kimya.

Oktoba ikafika. Leseni ya eneo lile hutolewa kwa bahati nasibu, naye alikuwa ameingoja miaka kadhaa. Siku nne za mwanzo hakuona ila nyayo. Siku ya tano, ya mwisho kwake, jua likielekea kuchwa, dume lilitokea kwenye uwanda wa nyasi ng'ambo ya bonde, likasimama ubavu wazi. Kipimo kilisoma mita 430. Mlimani hewa hupanda mchana jua linapoipasha, na hushuka jioni inapopoa, kama wavuvi wanavyoujua upepo wa bahari wa mchana na umande wa alfajiri. Jioni ile hewa ilikuwa imeanza kuteremka bondeni kutoka kushoto kwake, kwa nguvu asiyoweza kuipima pale katikati.

Shanta ilikuwepo ya kuegemeza bunduki. Hesabu aliijua kwa moyo. Nyama ya msimu wa baridi ilikuwa mbele yake, na goti lilimwambia kwamba huenda asifike tena hapo. Akaondoa jicho kwenye darubini, akaanza kuteremka, akizunguka upande wa chini wa bonde ili harufu yake isimtangulie. Goti likampunguza mwendo. Sheria huruhusu kupiga hadi nusu saa baada ya jua kuchwa, na nusu saa hiyo ilimwishia akiwa bado miongoni mwa miti. Alipofika ukingoni mwa uwanda, mnyama alikuwa kivuli tu, akila. Seremala alisimama akimsikiliza anavyokata nyasi, hata giza likawafunika wote wawili.

Usiku, kwa mwanga wa taa ndogo hemani, aliandika katika daftari kama alivyoandika kila alfajiri tangu Julai: mita 430, upepo wa kushoto, mtutu baridi. Mahali pa kuandika tundu lilipokaa, akaandika neno moja: sikupiga.