Neno la Sita

Daktari alisema maneno saba, nami nikaanza kulia kwenye neno la nne.

"Aapki dost ab khatre mein nahin hai." Rafiki yako sasa hayuko hatarini. Ila Kihindi huweka kitenzi mwisho, na kikanushi hukaa mlangoni mwa kitenzi. Kwa hiyo nilichosikia ni: rafiki yako, sasa, hatari... Khatre nililielewa papo hapo, maana ni ndugu wa hatari yetu, yote mawili yametoka kwenye Kiarabu. Nahin ilipofika, nilikuwa nimeshaegemea ukuta wa wodi. Kiswahili kingenihurumia mapema zaidi: ha- ya hayuko inatangulia hatari.

Ilikuwa siku ya tano ya dengue. Mwenzangu wa chumba alipoanza kuchemka tulidhani ni malaria, tukaidharau kama tunavyoidharau nyumbani. Delhi ikatufundisha adabu.

Kinachonichekesha sasa ni kwamba sentensi kanushi za Kihindi ndiyo tasnifu yangu ya uzamili. Mtu anavaa kofia ya elektrodi, anasoma neno mojamoja kwenye skrini, nasi tunapima umeme wa ubongo wake. (Mimi siwezi kuivaa, haikai juu ya nywele zilizosukwa. Hilo lina insha yake.) Tunatafuta wimbi liitwalo N400, linalopanda milisekunde kama 400 baada ya neno lisilotarajiwa. Mwaka 1983 Fischler na wenzake waliwasomesha watu sentensi za Kiingereza za namna hii: robin si mti. Ni kweli, robin ni ndege. Lakini wimbi lilipanda kana kwamba msomaji amedanganywa. Robin si ndege, ambao ni uongo mtupu, ulipita kwa utulivu zaidi. Ubongo ulikuwa umeona robin na ndege wako pamoja, ile "si" ikabaki nje inapiga hodi.

Mwaka 2008 Nieuwland na Kuperberg walionyesha kwamba kikanushi kikiwa na kazi ya maana, kikikanusha jambo ambalo mtu angeweza kulidhani, ubongo hukitumia palepale. Nimeinukuu makala hiyo mara nyingi. Usiku ule hofu ilikuwapo tele, kazi ya kukanusha ilikuwapo. Kilichokosekana ni neno lenyewe. Lilikuwa bado liko njiani.

Nikiwa bado koridoni, mama yake akapiga simu kutoka Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwenzio hajambo?"

Hana jambo. Nimelisema neno hilo tangu utotoni bila kusikia kikanushi kilichomo. Safari hii nilikisikia, kimekaa mbele kabisa, kabla jambo halijapata pa kuingilia.

"Hajambo, mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anakula.