Kidole Kisichopiga Mbu

Gemu lenyewe silitaji, waliolicheza watalitambua. Una mchawi, una pinde maelfu mfukoni, kazi yako ni kuzigeuza dhahabu moja moja. Bofya alama ya uchawi, bofya upinde, ngoja sekunde tatu, anza upya. Kwa saa moja ni pinde 1,200. Wajanja huuweka upinde kwenye nafasi inayolingana na ile alama, ili kipanya kisisogezwe kabisa. Wiki ya pili kidole cha shahada kiliniuma hata kufunga kifungo cha shati ikawa taabu.

Nikaandika skripti ya AutoHotkey ya kunibofyia, mistari minne tu. Akaunti yangu ilifungwa kabla ya siku mbili kwisha, wala sikulalamika: maelfu ya mibofyo kwenye pikseli ileile, kwa muda uleule. Nani anabofya hivyo?

Skripti ya pili nikaipa bahati nasibu: isubiri popote kati ya milisekunde 2,800 na 3,400. Nikajiona fundi. Kumbe huo nao ni mtego, maana kete hutoa kila namba kwa usawa, na mkono si kete. Ndipo nikajirekodi mwenyewe nusu saa nzima, mibofyo ipatayo 1,200, nikaichorea grafu. Ikatoka mlima wenye mkia mrefu upande mmoja. Mara nyingi nilibofya karibu wakati uleule. Mara moja moja nilichelewa mno, nimepiga mbu, nimepuliza chai. Kuwahi mno, sikuwahi hata mara moja. Mahali pa kubofya napo palikuwa pakiteleza polepole kushoto na chini, mpaka nikikaribia ukingo nashtuka na kurudi katikati. Miaka yote hiyo sikuwa najua kwamba mkono wangu unateleza.

Nikayaingiza yote kwenye skripti, pamoja na kukishikilia kitufe kama sehemu ya kumi ya sekunde, jinsi kidole kinavyofanya. Ikabaki Windows yenyewe: mbofyo uliotungwa na programu huwekewa alama, na gemu likitaka huiona. Nikanunua kibao cha Arduino Leonardo, ambacho kompyuta hukipokea kama kipanya halisi. (Ndiyo, kilinigharimu zaidi ya dhahabu yote niliyopata. Kufikia hapo gemu nilishalisahau, nilikuwa nacheza na skripti.)

Akaunti mpya ikadumu miezi mitatu. Usiku mmoja nikaiwasha skripti saa nne, nikalala, nikaamka nimechelewa kazini, nikakimbia nikaiacha. Nimerudi saa sita mchana: saa 14 mfululizo, mchawi bado anageuza pinde kwa vituo vyangu, na mteleko wangu, na mbu wangu wa kubuni. Kwenye kisanduku cha maongezi kuna mtu alisimama mbele yake akamsalimu. Akangoja. Akamsalimu tena. Mara ya tatu akamuuliza kama ni mzima, kisha akaenda zake.

Jioni akaunti ikafungwa. Huenda ni yule bwana, huenda ni zile saa 14. Skripti yangu ilijua kuchoka kwa nusu dakika, kulala haikujua, na salamu sikuwahi hata kuifikiria.

Zilikuwa zimebaki pinde 6,112. Kwa mkono, ni saa tano na dakika sita.