Sauti Iliyokuwa Kwingine

Babu yangu, mzaliwa wa Lamu, alipoghani mashairi hakusema "njia". Alisema "ndia", kama Kiamu kinavyotaka. Nami nilipoyaandika mashairi yake niliyageuza kuwa Kiswahili sanifu, kwa uvivu wa ujana, nikijiambia kuwa matamshi na mahadhi yamo katika kanda.

Kanda zilikuwa 43. Nilizigeuza kuwa faili za sauti, nikazipakia katika tovuti ndogo ya ukoo wetu. Kisha, kwa kuwa zilikwisha kuota ukungu, tukazitupa. Nakala ya tovuti hiyo niliiweka katika kompyuta yangu ya nyumbani, ili niirekebishe bila kuivuruga ile inayosomwa na watu. Maandishi niliyapakua yote. Sauti zilikuwa nzito na nafasi sikuwa nayo, hivyo nikatumia hila wanayoijua wajenzi wa tovuti: mistari michache ya maagizo. Kivinjari kikiomba faili ya sauti, kompyuta hutazama kwanza katika hifadhi yake. Isipoiona, hukielekeza kivinjari kwenye seva ya mbali, jina la faili likiwa lilelile. Ni kama mtoto anayeitikia hodi: "Babu hayupo, yuko kwa shangazi."

Jibu hilo hutolewa kwa namba, na mpenzi wa lugha atazifurahia namba zenyewe. 302 ni "ametoka": mfuate aliko leo, lakini siku nyingine anza kubisha hapa. 301 ni "amehama": kivinjari huweza kuikariri anwani mpya kisibishe tena pale pa zamani, hata mwenyewe akirudi. Nilichagua 302, nikajiona mjuzi.

Sauti ya babu ikawa inasikika kompyutani mwangu kila nilipoiomba. Hapo ndipo nilipopotea, maana sikio halitofautishi sauti iliyopo na sauti iliyoletwa. Kwa miaka 4 nilitamka mbele za watu kwamba sauti za babu ninazo, na kila nilipofanya nakala za akiba nilinakili folda isiyokuwa na sauti hata moja. Sikuifungua.

Ada ya seva ikapita siku yake. Onyo lilitumwa kwenye barua pepe niliyokwisha kuiacha, na kampuni ikafuta kila kitu, kama mkataba ulivyoiruhusu. Nilipoomba shairi, kompyuta ilinielekeza kulekule kwa uaminifu wake wote, na kutoka huko likarudi jibu la 404: hakuna kitu hapa.

Mistari ile nimeiondoa. Faili isipokuwapo sasa, kompyuta hunyamaza, nami hujua.

Binamu yangu alikuta sauti 2 katika simu yake ya zamani. Nimeanza kurudisha "ndia" katika maandishi, pale tu ninapoikumbuka sauti kwa yakini. Penginepo nimeiacha "njia". Katika mojawapo ya sauti hizo mbili neno lenyewe limo, mara moja, na kikohozi cha babu kimelifunika nusu.