Yenye Kovu

Baba mkubwa hakusomea uchoraji. Ni fundi baiskeli Igoma, na penseli huishika usiku, akishanawa grisi. Huchora askari waliokwenda Vita vya Kagera, akitazama picha ndogo za pasipoti ambazo familia zao huzitunza ndani ya Biblia au chini ya godoro.

Shuleni vita hivyo tulipewa kwa tarehe: Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, Novemba yakavunja daraja la Kyaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa. Mamia ya askari wetu wamezikwa Kaboya, Muleba, ng'ambo ya ziwa. Jiwe la kaburi hubeba jina, halibebi sura.

Alipoamua kuzitoa picha zote kwa makumbusho, mjane mmoja alikataa.

"Shemeji, mimi nimezeeka, yeye bado kijana. Nikitaka kumwona nilipe kiingilio?"

Mimi ninayesomea historia nilimtetea baba mkubwa. Nikataja mchwa na unyevu, nikataja ngoma za watemi zilizotunzwa Bujora hadi leo. Mama yule alinisikiliza, kisha akamgeukia mchoraji.

"Hapa juu ya jicho palikuwa na kovu. Aliangukia mtumbwi utotoni."

Picha ya pasipoti haikulionyesha. Baba mkubwa akachukua karatasi nyingine, akachora upya, mama akimwelekeza.

Yenye kovu aliichukua yeye. Ile nyingine imo kwenye boksi pamoja na wenzake, inangoja gari.